Ua la Shaba na Jiwe la Kijani

Wako watu wadhanio kwamba kazi ya sanaa huanzia dukani, penye rangi za kununua na karatasi nyeupe. Lakini tangu zamani za kale binadamu amejipamba na kupamba nyumba yake kwa vitu vya kuokota tu: maua, majani, mbegu, manyoya, makombe, mawe ya mtoni. Waganda waligonga gome la mti wa mtuba hata likawa nguo laini ya kuvaa. Waluba walipigilia shanga na makombe katika kibao cha mti, wakakiita lukasa, na mzee aliyefundishwa aliweza kukipapasa kwa kidole huku akisimulia habari za wafalme wake. Nchi ya Likasi, katika Katanga ya Juu, nayo ina kitu chake cha kuokota, na historia ya kitu hicho ni ndefu kuliko historia ya mji wenyewe. Ni jiwe la kijani, ambalo wataalamu huliita malakiti. Na njia ya kulifikia ilipita katika maua.

Msomaji asiyepata kufika huko na afikiri kwanza pori. Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, kuelekea kaskazini-magharibi, na kwa asili nchi yote ya hapo ni pori la miombo, miti mirefu iliyosimama karibu karibu. Halafu, katikati ya pori hilo, msafiri huona kilima kisicho na mti hata mmoja. Kimefunikwa nyasi fupi na maua madogo madogo, kana kwamba mtu amekifyeka jana. Hakuna aliyekifyeka. Udongo wake una shaba nyingi mno, na shaba ikizidi ni sumu kwa mizizi. Miti ya miombo hufika ukingoni mwa udongo huo, kisha husimama. Ndani hukaa mimea michache tu iliyojifunza kuishi na sumu.

Mmoja wa mimea hiyo Wazungu waliuita ua la shaba. Jina lake la kitaalamu ni Haumaniastrum katangense. Ni mmea mfupi, wa jamii moja na mrehani na kivumbasi tunavyovijua nyumbani, nao hutoa maua madogo yenye rangi ya urujuani. Upande wa pili wa mpaka, katika nchi iitwayo sasa Zambia, kuna mwenzake, naye ni mrehani hasa. Watafuta madini wa miaka ya 1950 walimfuata kama mwindaji afuatavyo nyayo. Tena liko ua la njano, la jamii ya marejea, ambalo wataalamu walilipa jina la Crotalaria cobalticola, maana hukaa penye kobalti. Mbelgiji mmoja, Paul Duvigneaud, alichapa mwaka 1958 habari ndefu za mimea ya udongo huu, na baada yake François Malaisse, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, aliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi. Kwa hesabu ya wataalamu, mimea zaidi ya 30 huota juu ya udongo wa shaba wa Katanga wala haionekani mahali pengine popote duniani.

Lakini tusidhani kwamba ua la shaba ni mtumishi mwaminifu asiyekosea. Limepata kuonekana hata mahali pasipo na shaba ya kuchimba. Sifa yake ni kwamba huvumilia pale ambapo wengine hufa, basi hukalia nafasi iliyo wazi. Jambo hilo ndilo lililowapa wachimbuzi wa mambo ya kale zawadi wasiyoitazamia. Katika nchi tambarare kuzunguka Lubumbashi, mbali na vilima vya shaba, zilionekana sehemu ndogo zenye maua hayo tele. Walipochimba walikuta mabaki ya tanuri na takataka za shaba iliyoyeyushwa. Mafundi wa kale walikuwa wamebeba mawe yao hadi hapo, wakayeyusha, wakaondoka, na udongo waliouchafua ukaitunza alama yao. Majina yao yamepotea, lakini maua yanaota pale walipokaa na mifuo yao.

Sasa tutazame jiwe lenyewe. Malakiti huzaliwa karibu na uso wa nchi. Mvua huchukua hewa ya ukaa katika udongo, hupenya katika miamba yenye shaba, huiyeyusha kidogo kidogo, kisha huiacha tena katika nyufa na mapango madogo, tone juu ya tone, ngozi juu ya ngozi. Kwa hiyo jiwe likikatwa huonyesha mistari ya duara, kijani kilichoiva, kisha kijani cha majani machanga, kisha kile cheusi cheusi, kama pete za mti uliokatwa. Hakuna mawe mawili yenye mistari sawa. Si jiwe gumu. Kisu cha chuma hulikwaruza. Lakini ni zito mkononi, zito kupita ukubwa wake, na hapo ndipo mtu wa zamani alipoanza kushangaa. Katika kilo 100 za malakiti safi mna kilo 57 za shaba.

Wenyeji wa nchi hiyo, Wasanga na wenzao, na baadaye Wayeke waliokuja pamoja na Msiri kutoka upande wa Unyamwezi, hawakuliacha jiwe likae jiwe. Waliliokota na kulichimba wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, maji yakiwa yamepungua katika mashimo. Wanaume walichimba; wanawake na watoto waliokota juu ya nchi, wakaosha, wakachambua. Nataka kusimama kidogo katika kuchambua huku, kwa kuwa waandishi wengi hukupita mbio ili wafike kwenye moto. Shimo hutoa mawe ya kila namna: udongo mwekundu, jiwe jeusi, jiwe lililopakwa kijani kwa juu tu na ndani ni bure. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho hayo hufundishwa. Mtoto aliyekaa kando ya kijito na kikapu chake alijifunza kujua kwa rangi na kwa uzito ni jiwe gani litatoa shaba na lipi litapoteza makaa ya watu. Tanuri lote lilitegemea kikapu chake.

Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, maana hauogopi moto. Makaa yalitoka katika miti migumu ya porini. Mifuo ilikuwa ya ngozi, na pua zake za udongo ziliingia chini ya tanuri. Moto ukipanda, jiwe la kijani hugeuka jeusi, kwa sababu maji na hewa iliyofungwa ndani yake hutoka. Kisha makaa hunyang'anya kile kilichobaki, na shaba nyekundu hutiririka. Shaba haiyeyuki mpaka moto upite nyuzi 1,080 za sentigredi, na watu hao waliufikisha huko kwa mikono na ngozi ya mnyama. Kijani, nyeusi, nyekundu: mtu aliyeona kwa mara ya kwanza mabadiliko hayo bila shaka hakulala usiku ule.

Habari hizi tunazijua vizuri kwa sababu ya padre mmoja Mbenediktini, Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa mkuu wa misioni za Katanga na baadaye Askofu. Kazi ya tanuri za wenyeji ilikuwa imekwisha kufa alipotaka kuiona. Mwaka 1924 wazee waliofanya kazi hiyo ujanani waliirudia mbele yake, naye akaandika aliyoyaona. Makala yake ilichapwa mwaka 1926, na jina aliloipa ni Walaji wa Shaba wa Katanga. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa maneno hayo. Kwetu mtu hula mshahara, hula urithi, hula hata ukubwa. Wale walikula shaba, yaani waliishi nayo.

Walifanya nini na shaba hiyo? Walivuta nyaya nyembamba kama uzi, wakazisokota kuwa bangili; katika kazi hiyo Wayeke walisifiwa sana. Tena walimimina misalaba. Hapa yafaa kuonya. Msalaba wa Katanga si wa Kikristo. Ni kipande cha shaba chenye mikono minne, mara nyingi kama herufi X, kilichomiminwa katika kifinyango cha mchanga au udongo, nacho kilikuwa fedha, mahari na heshima ya marehemu. Huko kaskazini, kando ya ziwa Kisale, makaburi ya kale yaliyofukuliwa tangu mwaka 1957 yalikuwa na misalaba hiyo, mingine imewekwa karibu na mikono ya wafu. Pierre de Maret, aliyechimba huko katika miaka ya 1970, alionyesha jinsi misalaba ilivyobadilika karne baada ya karne: kwanza mikubwa na michache, kisha midogo, mingi na ya kipimo kimoja. Ukiona hivyo unajua kwamba pambo la wakubwa limekuwa sarafu ya soko. Ziwa Kisale halina shaba. Ililetwa kutoka kusini, mamia ya kilomita kwa miguu.

Hata baada ya Wazungu kuzima tanuri, umbo hilo halikufa. Katanga ilipojitenga, kutoka 1960 hadi 1963, bendera yake ilikuwa na misalaba mitatu yenye rangi ya shaba, na sarafu zake za mwaka 1961 zilikuwa na msalaba upande mmoja na ndizi upande wa pili. Kuhusu siasa ya wakati ule kila mtu ana neno lake. Mimi natazama tu kwamba serikali ilipotafuta alama ambayo kila mtu angeitambua, ilirudi kwenye kazi ya wale wachambuaji wa kijitoni.

Vitabu vingi vya shule vilisema kwamba shaba ya Katanga ilivumbuliwa na mtaalamu wa miamba, Jules Cornet, aliyefika mwaka 1892, baada ya Msiri kuuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891. Cornet alikuwa mtu wa elimu na sifa yake ni ya haki, maana alipima na kuandika. Lakini alikuta nini? Alikuta mashimo. Wale waliomfuata miaka michache baadaye wakifika Kambove, si mbali na Likasi, walikuta mashimo vilevile, na wenyeji ndio waliowaongoza. Zaidi ya hayo, karibu miaka 90 kabla yake, wafanyabiashara wawili Waafrika kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, waliondoka mwaka 1802 wakavuka bara lote, wakafika Tete mwaka 1811. Katika daftari yao ya safari wamo watu wa nchi hii, shaba yao na mawe yao ya kijani. Basi aliyekuja mwishoni ndiye aliyepewa jina la mvumbuzi. Ni jambo la kawaida duniani, lakini si lazima tulirudie.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mji wa Likasi ukakua karibu na machimbo na viwanda vya Panda na Shituru. Mwaka 1931 ukaitwa Jadotville, kwa heshima ya injinia Mbelgiji Jean Jadot, na mwaka 1966 ukarudishiwa jina lake. Mashine zilichimba chini, zikapita tabaka la malakiti, zikafika miamba mingine. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba kutoka 1971 hadi 1997, neno la Kiswahili kabisa. Sitaandika zaidi juu ya viwanda. Wengine wamefanya hivyo.

Ila kuna jambo moja dogo la kupendeza. Katika machimbo ya Likasi wataalamu waliona mawe ambayo hayakuwa yamepata kuandikwa mahali popote. Moja, la sindano za buluu nzuri, lilielezwa mwaka 1925 na kuitwa buttgenbachite, kwa jina la mtaalamu wa Kibelgiji. Jingine, la buluu ya mbingu, lilielezwa mwaka 1955 na kuitwa likasite. Hivyo jina la Likasi limeandikwa katika vitabu vya madini vya dunia nzima, nalo limebaki humo hata katika miaka ambayo mji wenyewe uliitwa Jadotville. Katika mji huo kampuni iliweka makumbusho ya jiolojia yaliyoitwa Sengier-Cousin, na mawe mengi ya Katanga yaliyo katika makabati ya Ulaya na Marekani yana karatasi yenye jina hilo.

Katika nchi za mbali malakiti ilikuwa pambo la wafalme. Wamisri wa kale waliisaga wakajipaka machoni. Warusi waliichimba katika milima ya Ural, wakapamba kwayo ukumbi mzima katika jumba la mfalme wao mjini Saint Petersburg, na nguzo za kanisa kuu la Mtakatifu Isaka. Lakini nguzo hizo si za jiwe zima. Warusi walikata vipande vyembamba sana, wakavibandika juu ya jiwe la kawaida au chuma, mstari ukifuata mstari, hata jicho lisione kiungo. Machimbo yao mazuri yalipokwisha, dunia ikaitazama Katanga.

Mafundi wa Katanga, katika Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, hufanya kazi kwa njia nyingine. Mara nyingi huchukua jiwe zima, wakaliuliza lina umbo gani ndani yake. Jiwe la mviringo huwa yai. Lenye mgongo huwa tembo au kobe. Vipande huwa shanga, visanduku, vibao vya sataranji, misalaba ya shingoni. Fundi hugonga kwanza kwa nyundo ndogo na kusikiliza, maana jiwe lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Kisha hulikata kwa msumeno wenye maji, hulisugua kwa karatasi ya mchanga mnene, halafu laini, halafu laini zaidi, na mwishoni kwa kitambaa au ngozi, mpaka ling'ae kama limelowa. Palipo na shimo hujazwa gundi iliyochanganywa na unga wa jiwe lenyewe. Maji hayo ya msumeno si ya kupoza tu. Vumbi la malakiti ni vumbi la shaba, nalo hudhuru kifua. Fundi asuguaye jiwe kavu chumbani huuza afya yake pamoja na pambo.

Wanunuzi nao wajihadhari, kwa kuwa siku hizi kuna malakiti ya plastiki. Ya kweli ni baridi mkononi na nzito. Ya uongo ni nyepesi, na mistari yake hurudiwa rudiwa kama ya kitambaa cha dukani. Tena pambo la kweli lisioshwe kwa ndimu wala siki, maana huliwa na kupoteza mng'ao.

Twafika sasa kwenye taabu ya kazi hii. Kampuni ya serikali, Gécamines, iliyorithi machimbo ya Union Minière, ilidhoofika vibaya katika miaka ya 1990. Maelfu ya watu walioachwa bila mshahara walichukua sururu wakaenda kuchimba wenyewe, na Sheria ya Madini ya mwaka 2002 ikawapa wachimbaji wa mikono nafasi katika maeneo maalumu. Huwezi kuwalaumu, watoto lazima wale. Lakini mnunuzi wa shaba na kobalti hulipa kwa uzito na kwa kiasi cha madini kilichomo. Kwake yeye malakiti yenye pete nzuri kuliko zote ni mawe mazuri ya kuyeyushwa, basi. Hutiwa guniani pamoja na udongo mweusi wa kobalti, hupondwa, na mistari iliyochukua zama nyingi kupangwa hutoweka kwa pigo moja. Kwa hiyo fundi wa mapambo hana budi kufika shimoni kabla ya mizani. Akichelewa, jiwe limekwenda. Na mchimbaji mwenye njaa hawezi kumngoja, kwa sababu fundi hununua jiwe moja akiwa ameligeuza mara kumi, na mwenye mizani hununua gunia zima bila kulifungua.

Mtu aweza kusema kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu awali, kwa kuwa wazee nao walitia jiwe motoni. Ni kweli, nao hawakulihurumia. Lakini wao walitoa katika moto ule bangili na misalaba, vitu vilivyovaliwa na kuzikwa na watu wa nchi ileile. Gunia la leo hupanda lori, na katika Likasi halirudi hata pete moja.

Na maua? Kilima kikichimbwa, mimea yake huondoka pamoja na udongo. Ile isiyoota mahali pengine duniani haina pa kuhamia. Wataalamu waliohesabu wanasema kwamba sehemu kubwa yake iko katika hatari kuu ya kutoweka, na mingine huenda imekwisha kutoweka. Huko Fungurume, magharibi ya Likasi, kampuni moja ya machimbo pamoja na wataalamu wa mimea wamejaribu kuhamisha vipande vya udongo na majani yake mpaka mahali pengine, na kutunza mbegu. Ni kazi ya polepole.

Ua la shaba lenyewe, lile la urujuani, halimo katika hatari hiyo, maana halichagui kilima. Mjini Lubumbashi, upande ule ambao upepo ulipeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba kwa miaka mingi, miti ilikufa na udongo ukabaki wazi. Mimea ya kwanza kurudi pale ni michache, na mmojawapo ni Haumaniastrum katangense, akiota juu ya uchafu wa kiwanda kama alivyoota juu ya uchafu wa tanuri za wazee.